Karanga za Kongwa

Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, Kibaigwa utaitambua kwa malori kabla hujasoma kibao. Yamepangana kando ya soko la kimataifa la nafaka, na vijana wanapanda ubao na magunia ya mahindi mabegani. Wasafiri wengi hunyoosha miguu hapo, kisha huendelea. Mimi nilishuka mbele kidogo, Mbande, nikakata kushoto kwenda Kongwa.

Ni mji mdogo, na una historia inayoishinda miji mingi mikubwa. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaja hapa Ugogo kulima karanga kwa mashine. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, reli ikatandikwa kutoka Msagali. Mibuyu ikagoma kung'oka. Mingine ilikuwa na nyuki ndani, wakawatoa wafanyakazi mbio. Mvua ilikuwa ile ile ambayo Wagogo waliijua tangu zamani: mwaka huu inakuja, mwaka ujao inakupita. Jua lilipowaka udongo ukawa tofali, jembe la trekta likavunjika. Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara ikakadiriwa kuwa pauni milioni 36. Nikitazama uwanda ule mwekundu naona uchungu: wenye ardhi walikuwepo, na ujuzi wa mvua walikuwa nao.

Lakini Kongwa ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 1964. Majengo yaliyoachwa na wenye karanga yakawa kambi ya wageni wengine, wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika: FRELIMO, kisha ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA. Samora Machel aliishi katika kambi hii kabla ya kuwa rais wa Msumbiji huru. Chris Hani wa ANC naye alipita hapa. Vijana waliokimbia makwao wakajifunza Kiswahili, wengine wakaoa hapa hapa, na wapo ambao makaburi yao yamebaki Kongwa, mbali mno na mama zao. Nilisimama penye makaburi hayo kwa muda mrefu. Mji uliokuwa na shida ya maji uligawana maji hayo na watu waliokuwa hawana nchi.

Jioni nikaenda soko la Kongwa. Nilikuwa nimeshiba ugali wa uwele kwa mlenda, nikitafuta kitu cha kutafuna njiani. Mama mmoja alikuwa na kilima cha karanga juu ya turubai, nyekundu, ndogo ndogo, zimetoka shambani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbukwa!" akanisalimu kwa Kigogo.

Aliniambia amelima ekari moja na nusu, kwa jembe la mkono, akapanda mvua za kwanza zilipotulia. Akajaza kopo mpaka likafanya kichuguu, akalimimina kwenye mfuko wangu, kisha akachota gao moja tena la nyongeza.