Zile Mbichi Aliziacha Mtini

Mashamba makubwa ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yanaisha. Mji mpya wa Tatu City umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya mibuni, na tangu barabara kuu ya Thika izinduliwe mwaka 2012, ploti zinasonga mbele kila msimu. Watu wanahitaji nyumba, sina ugomvi na hilo. Ila mama yangu amefariki, na sasa hata mahali aliponilelea panang'olewa.

Alikuwa kibarua wa kuchuma kahawa. Malipo yalikuwa kwa debe, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Tunda la kahawa haliivi kwa pamoja: tawi moja hubeba nyekundu, za manjano na kijani zilizobanana, ndiyo maana kuanzia Oktoba hadi Desemba wachumaji huurudia mti uleule tena na tena. Anayetaka debe lijae upesi hukumba zote kwa kiganja. Mama hakukumba. Vidole vyake vilipita juu ya zile mbichi kana kwamba hazipo. Mimi nikinyoosha mkono, alisema, "Hizo ziache, bado." Nyapara alikuwa mbali, hakuna aliyekuwa akituangalia.

Maneno hayohayo aliyatumia nyumbani, nilipotaka kwenda kumjibu jirani aliyenitukana, jioni ileile. "Ziache, bado." Nilikaa. Asubuhi sikuwa tena na la kumjibu.

Nimekuja kuamini kwamba wanawake wa kizazi chake walifundisha zaidi kwa kile walichokataa kukigusa. Wangari Maathai, aliyekulia Nyeri chini ya safu zilezile za Nyandarua unakotoka mto Chania unaopita Thika, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye Wangari alielewa kwamba mizizi ya mti ule hupenya mwamba na kuyafungulia maji njia. Aliporudi nyumbani akiwa mtu mzima alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Dunia inamkumbuka kwa Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977 na kwa Tuzo ya Nobel ya 2004. Mimi humkumbuka zaidi yule mama aliyemwambia mtoto wake aupite mti wenye kuni tele, arudi na mzigo mwepesi.

Matangani walikuja wanawake waliochuma naye. Mmoja alisimama akasema kwamba alipokuwa na mtoto mchanga mgongoni, kila alipoinama kumnyonyesha, akirudi alikuta debe lake limepanda. Kwa muda mrefu hakujua ni nani. Siku moja aligeuka ghafla akamwona mama akimwagia viganja kutoka kwenye kikapu chake. Wakatazamana, mama akaendelea na mti uliofuata. Sisi watoto hatukuwahi kusikia habari hiyo. Viganja vile vilikuwa unga wetu na karo yetu, na aliwapa wengine bila kututaka ushauri. Kwa hilo namshukuru kuliko kwa chochote alichotupa sisi.

Maarifa ya kahawa yana watunzaji. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, ili mibuni istahimili maradhi yaliyokuwa yakiozesha matunda, na kazi yake imeandikwa. Mkono wa mama haukuandikwa popote. Nikienda sokoni Thika kununua nyanya, vidole vyangu vinaruka zenye kijani kabla sijafikiri, na hapo ndipo machozi hunijia, mbele ya watu, wala siyazuii.

Binti yangu ameniuliza nyanyake alijuaje kahawa iliyoiva. Kwa maneno siwezi. Lakini Gatundu, katika vijishamba vya miteremko ya huko juu, kahawa bado ipo na Novemba huwa wanatafuta wachumaji. Tutakwenda wote wawili, na malipo yatakuwa kwa debe.