Gari Kuukuu na Safari ya Mbali

Mchikichini ni kata ya Ilala iliyo jirani na Kariakoo na bonde la Mto Msimbazi. Jina lake latokana na mchikichi, mti uzaao mawese. Lakini mtu aingiaye huko siku hizi hukutana na nguo kabla ya kukutana na mti wa namna yoyote. Soko lake, ambalo wengi huliita Karume, ni soko la mitumba. Liliungua Januari 2022, na wauzaji wakarudi. Mnunuzi mzoefu wa soko hilo hadanganywi na ukosi wa shati. Huligeuza ndani nje, akatazama mishono, akavuta kwapa, akaliinua juu penye mwanga. Elimu hiyo ndogo ndiyo hasa imfaayo mtu mwenye gari kuukuu anayekusudia kusafiri nalo mbali, na aghalabu ndiyo anayoisahau.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa huo alikuwa na Land Rover 109 ya namna ya tatu, ambayo ilitengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Alitaka kumpeleka mama yake, aliyekwisha kupita miaka themanini, akaonane na kaka yake Sumbawanga. Ndugu hao wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa akipokea habari za maradhi ya mwenzake kwa simu. Basi lingeweza kumfikisha bibi kizee huyo. Lakini magoti yake hayakuweza kukaa saa nyingi bila kunyooshwa, naye alitaka kusimama atakapo, si atakapo kondakta. Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilomita 1,000: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha kugeuka kuelekea Ufipa.

Mwalimu aliweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya matengenezo, akaandika alivyovitaka. Karatasi yake ilianza na keria kubwa ya juu ya paa, ikafuata ngao ya chuma ya mbele, taa nne za kumulika mbali, na madumu ya maji na ya mafuta. Chuma cha keria alikuwa amekwisha kukinunua. Mambo hayo si mabaya, na picha za magari ya safari haziishi kuyaonyesha. Lakini kila kilichoandikwa katika karatasi ile kilikuwa kitu cha kuongeza. Hapakuwa na hata kimoja cha kuchungulia.

Fundi wake aliisoma karatasi, akaikunja, akaichukua nyundo ndogo na kuingia chini ya gari. Akaanza kugonga chesisi toka mbele kwenda nyuma, polepole, kama daktari agongaye kifua cha mgonjwa. Penye chuma kizima palilia. Penye kutu palijibu kwa sauti ya boga. Alipofika katika boriti ya nyuma, mahali ambapo tope hukaa na kukauka mwaka hadi mwaka, nyundo ilizama.

“Mwalimu,” akasema toka chini, “keria utaifunga juu ya nini?”

Hapo yafaa kueleza tabia ya gari hili, maana wengi hudanganywa nalo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati ambapo chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi ilifanywa kwa aluminiamu, na chesisi kwa chuma. Bodi ya namna hiyo haishiki kutu kama chuma. Matokeo yake ni kwamba gari lililoishi karibu na bahari, katika hewa ya chumvi kama ya Dar es Salaam, laweza kung'aa kwa nje hali mifupa yake imekwisha kuliwa. Oktoba 2024 yalikusanyika magari mengi ya aina hiyo Arusha katika tamasha lake, na macho ya watu yalifurahi. Lakini macho hayana uwezo wa kujua kilicho chini ya rangi.

Basi fedha za keria na taa zikaenda katika kukata na kuchomelea. Tangi la petroli lilishushwa kwanza na nyaya za betri zikafunguliwa, jambo ambalo mafundi wenye haraka huliruka. Mwalimu alisononeka, na si kwa upumbavu. Mtu akitoa fedha hupenda aone alichokinunua. Na chesisi iliyopona haionekani na jirani yeyote.

Kazi ya pili ilikuwa breki, na hapa ndipo roho za abiria zilipo. Katika njia ya Iringa upo mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Wakati wa kwenda, Kitonga huuliza habari za rejeta. Wakati wa kurudi huuliza habari za breki. Mafuta ya breki yana desturi ya kunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakiisha kunywa maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedeli ikaenda hadi sakafuni pasipo kitu. Juu ya hayo, breki zote nne za gari hili ni za ngoma, na ngoma ikipata moto hutanuka ikajitenga na viatu vyake. Mafuta ya Mwalimu yalitoka meusi kama kahawa. Fundi alibadili yote, na mipira yote ya silinda za magurudumu, kisha akamkumbusha kanuni ya madereva wa zamani ya kushuka mlima kwa gia ile ile iliyoupandia.

Ilikuja habari ya vipuri. Toka Mchikichini hadi maduka ya Kariakoo na Gerezani ni mwendo mfupi wa miguu, lakini ni mwendo wa mashaka, kwa kuwa boksi zuri si shahidi wa kilichomo. Fundi huyo alikuwa na msimamo wake: chuma cha zamani, mpira mpya. Ekseli iliyotoka katika gari jingine, iliyotengenezwa na kiwanda chenyewe na isiyopinda wala kulika meno, aliipokea kwa furaha kuliko ekseli mpya isiyo na ukoo. Lakini mpira, beringi, mkanda wa feni na mafuta hakukubali mtumba hata kwa bure. Msimamo huo una busara, ingawa hausemi lolote juu ya mpira mpya ulio bandia. Hapo mtu hutegemea muuzaji anayemfahamu, na kufahamiana huko hakununuliwi kwa siku moja.

Matairi nayo yalikuwa na kashata ndefu, na Mwalimu aliyasifu. Fundi alipangusa vumbi ubavuni akamwonyesha tarakimu nne: 1412. Maana yake, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 14 ya mwaka 2012. Lilikuwa halijatembea sana, ndiyo sababu ya kashata zake. Lakini jua lilikuwa limetembea juu yake miaka yote hiyo, na nyufa nyembamba zilionekana kila lilipobonyezwa.

Hata nguvu ya magurudumu manne, ambayo ndiyo fahari ya gari, ilikutwa imelala. Kifundo cha njano kilishuka kwa shida, na mkono mwekundu wa gia nzito haukusogea mpaka ulipotiwa mafuta na kuachwa usiku kucha. Haukuwa umetumika tangu lini, mwenyewe hakumbuki.

Fedha zikaisha kabla ya karatasi kuisha. Safari ikasogezwa hadi baada ya masika, na Mwalimu akaenda kwanza Morogoro na kurudi, peke yake na fundi. Kila waliposimama walishika vikombe vya magurudumu kwa kiganja. Cha nyuma kushoto kilikuwa cha moto kuliko vingine: viatu vya breki vilikuwa vimekazwa kupita kiasi. Wakavilegeza kando ya njia.

Waliporudi, mama aliombwa apande akae nusu saa gari likiwa limesimama, aseme panapomuumiza. Alikaa akazungumza na watu dirishani. Kisha akasema kiti hakina neno, ila pa kupandia pako juu mno kwa magoti yake. Fundi akapima kwa mkono, akakata kipande cha chuma kilichonunuliwa kwa ajili ya keria, akachomelea kidato cha pili chini ya mlango.