Nilivyoliua besi la mjomba

Msomaji wangu, kona hii umeizoea kwa mambo ya kujirusha, viwalo na vituko vya wapenzi. Leo naomba uniachie niungame. Nimeua. Polisi wasihangaike, sijaua mtu. Nimeua sauti.

Mjomba wangu alipiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi hapa Dar tangu enzi zile wapenzi walipokuwa wakitongozana kwa barua zenye poda. Mwimbaji alikuwa akitunzwa noti kwenye paji la uso. Mpiga solo alipigiwa mbinja na akina dada. Mjomba? Alisimama nyuma, ubavuni kwa dramu, macho kayafumba, hana habari na mtu. Jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye bango hata siku moja. Lakini akienda haja ndogo katikati ya wimbo, watu wanaacha kucheza na kuanza kutazamana. Hawajui kimepungua nini. Wanajua tu utamu umekatika.

Sasa sikia kosa langu. Mwaka juzi wazee wenzake walimwita wapige pamoja kwenye harusi moja Tandika. Mimi, kwa kiherehere cha kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayejiona mjanja wa mji, nikaamua kumfanyia sapraizi. Gitaa lake lilikuwa na nyuzi nne nyeusi kama masizi, zimeganda jasho la miaka na miaka. Nikachukua malipo ya makala zangu mbili (mhariri anajua ni kiasi gani, ndiyo maana bado naumia), nikaenda Kariakoo, nikanunua nyuzi mpya zinazong'aa. Zile kuukuu nikazikunja, nikazitupa. Gitaa nikalifuta kwa kitambaa na mafuta mpaka likawa kama la bwana harusi mwenyewe.

Jamani! Besi la mjomba lilikuwa likisema "dumm", kama mlango mzito wa mbao unaofungwa taratibu chumba cha pili. Siku ile likasema "tweng", kama kijiko kimeangukia sufuria. Wazee waligeuka wote. Mjomba alishika kitufe cha sauti, akazungusha huku, akazungusha kule, wapi! Akapiga mpaka mwisho kwa sababu ni mtu wa kazi, ila macho hakuyafumba hata mara moja.

Tulipofika nyumbani ndipo akaniuliza.

"Mjomba, zile nyuzi zangu ziko wapi?"

"Nimezitupa, mjomba. Zilikuwa zimechoka."

"Hazikuchoka. Zilikuwa zimekomaa."

Akachukua tochi, saa nane za usiku, akaenda jalalani. Gari la taka lilikuwa limepita tangu jana yake. Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alilitundika besi ukutani, na kwa miezi miwili hakuligusa.

Nami ndipo nikaanza kutafuta: hivi nyuzi kuukuu zina nini? Nilichokikuta kilinifanya nione haya.

Kule Detroit, Marekani, alikuwapo jamaa anaitwa James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya Motown. Ule wimbo "My Girl" wa The Temptations, unaopigwa kwenye harusi mpaka leo, unaanza na besi peke yake: ni yeye huyo. Alikuwa na Fender Precision la mwaka 1962, na alilipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, hata wenzake wakakiita ndoana. Nyuzi zake zilikuwa zile nene, zilizozungushiwa utepe laini usiokwaruza, na alikuwa mtu wa kutozibadilisha kabisa. Uchafu na jasho vilimeza ule mlio wa chuma, kikabaki kishindo kitupu, kile kinachokupiga tumboni.

Na unadhani dunia ilimjua? Thubutu! Motown kwa miaka mingi haikuandika majina ya wapigaji kwenye majalada. Alitajwa mwaka 1971, kwenye santuri ya Marvin Gaye, "What's Going On", wakati nyimbo zake zilikuwa zimeshachezwa dunia nzima. Besi lake likaibwa, na muda mfupi baadaye, mwaka 1983, naye akafariki.

Usidhani lakini kwamba siri ni uchafu tu. Kila fundi ana lake. Jaco Pastorius yeye alipiga Jazz Bass lisilo na vile vyuma vya shingoni, na ule ubao akaupaka gundi ngumu ya kutengenezea maboti. Ndiyo maana besi lake linateleza na kulia kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Nalo liliibwa New York mwaka 1986, na mwaka uliofuata mwenyewe akafa kwa kipigo cha nje ya klabu, ana miaka 35. Gitaa lilikuja kuonekana baada ya takribani miaka 20.

Halafu kuna Aston Barrett, "Family Man", wa Bob Marley, aliyefariki Februari 2024. Huyo sauti yake ni nzito, ya mviringo, na ufundi wake mkubwa ni kujua wapi anyamaze. Anapiga, anaacha, na hapo anapoacha ndipo kiuno chako kinapomalizia.

Aliyenigusa zaidi ni Bakithi Kumalo wa Soweto. Ni yule aliyepiga besi kwenye "Graceland" ya Paul Simon mwaka 1986. Kile kipande cha besi kinachoporomoka kwenye "You Can Call Me Al", nusu yake alipiga, na nusu nyingine ni ileile imerudishwa kinyumenyume na mafundi wa studio. Na unajua alianzia wapi? Akiwa na miaka 7, alijaza nafasi ya mpiga besi kwenye bendi ya mjomba wake.

Hapo moyo ukanipasuka. Mwenzangu alimjazia mjomba wake nafasi. Mimi wangu nimemtupia nyuzi.

Basi jioni moja nikamfuata mzee barazani, nikamvisha hedifoni, maana kwa spika ya simu besi huwezi kulisikia, utasikia mbu tu. Nikamwekea "My Girl". Akafumba macho. Wimbo ulipoisha nikamsimulia habari ya Jamerson, nyuzi zake na kuibiwa kwake. Akanyamaza kidogo.

"Yeye aliibiwa na mwizi," akasema. "Mimi mpwa wangu mwenyewe."

Kisha akacheka mpaka akakohoa. Nikacheka na mimi, ila machozi yalikuwa karibu.

Akainuka, akalitungua besi, akaniwekea mapajani. Akanionyesha vidole vyake. Viwili havikunji tena sawasawa, kumbe hata ile harusi alipiga kwa kujikaza. Mimi nilikuwa sijui.

"Mimi siwezi tena kuzikomaza," akasema. "Umezileta mwenyewe, zikomaze mwenyewe."

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukipita mtaani kwetu baada ya magharibi ukasikia "tweng, tweng", usitukane. Ni mimi nalipa deni. Mzee ameniwekea sheria: nisifute nyuzi, na nisiguse solo. Naona kama ile "tweng" imeanza kupungua ukali. Nikimuuliza kama bado sana, ananijibu, "Piga."

Nawe ukienda dansi wikiendi hii, mtunze mwimbaji, sawa. Lakini tupa jicho nyuma, pale karibu na dramu. Yule aliyefumba macho, muulize jina lake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Na ukienda kwa mjomba wako, tafadhali, usimsafishie kitu!