Risasi Moja Moja

Hapa kambini neno bunduki si neno la mchezo. Wengi wetu tuko Nyarugusu kwa sababu ya bunduki, sisi wenyewe au wazazi wetu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, watu wa Kivu ya Kusini walipovuka Ziwa Tanganyika, na kila kundi linalofika linakuja na mlio uleule masikioni. Kwa hiyo najua kuna msomaji ataona kichwa cha habari hii na kutaka kugeuza ukurasa. Nakuomba uvumilie kidogo. Naandika juu ya kitabu kimoja, vijana tisa, na manati.

Kitabu kilikuja ndani ya boksi la msaada pamoja na vitabu vya hesabu na hadithi za watoto. Ni cha Kiingereza, cha zamani, karatasi zimeshakuwa njano. Kinaeleza jinsi wapiga shabaha wa Marekani wanavyojaza upya risasi kwa mikono yao, kwa ajili ya bunduki inayobeba risasi moja tu. Unapiga, unafungua, unatoa ganda, unaingiza nyingine. Haina magazini. Kijana mmoja alikitoa kwenye boksi, akaangalia picha, akaniambia, "Kaka, hiki utusomee."

Mimi nilizaliwa hapa, sijawahi kushika bunduki. Ninachojua nilikipata kwa babu, aliyekuwa mwindaji huko Fizi na alikuwa na gobori. Babu alisema mwenye gobori anapiga mara moja, halafu mnyama anakuwa ama chakula ama hadithi. Basi nilikisoma kile kitabu nikiwa na kamusi pembeni, na Jumamosi nikawaeleza vijana nilichoelewa. Vipimo vya baruti niliviruka, havikuwa na kazi kwetu. Nilichotaka ni fikra yake.

Fikra yenyewe ni hii. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ya kuwasha, baruti, na kichwa cha risasi kinachoruka. Kiwanda kinatengeneza maelfu kwa haraka, na zote zinafanana kwa macho. Lakini moja ina baruti zaidi kidogo, nyingine kichwa chake ni chepesi kidogo. Karibu huoni tofauti. Mbali unaiona. Kwa hiyo mpiga shabaha anakaa mezani na mizani. Anapima baruti iwe sawa kila mara. Anapima vichwa, na chenye kasoro anakirudisha kwenye sufuria ya kuyeyushia.

Jambo lililotushangaza ni la ganda. Risasi ikilipuka, ganda linatanuka na kushika umbo la chumba cha bunduki ileile. Mtu mwenye akili halitupi. Analihifadhi kwa bunduki hiyo hiyo, maana limeshajua chumba chake. Walikuwepo wapiga shabaha wa zamani waliotumia ganda moja siku nzima: wanapiga, wanalijaza palepale, wanapiga tena.

Kijana nitakayemwita Bahati (si jina lake) alicheka aliposikia hivyo. Yeye alikuja mwaka 2023. Kabla ya hapo alikaa msituni na kundi ambalo sitalitaja. Alikuwa kadogo, na wote mnaotoka kule mnajua maana ya neno hilo. Bunduki aliyobeba ni ile iliyotengenezwa na Mrusi Kalashnikov mwaka 1947. Tulipiga hesabu ubaoni. Magazini yake inabeba risasi 30, na ikiachiwa inatoa kama 600 kwa dakika. Maana yake 10 kwa sekunde. Magazini yote inakwisha kwa sekunde tatu.

Bahati akasema, "Kule hapana mutu alituuliza kama tumepata. Walituuliza tu kama zimeisha."

Hakuna aliyeongea kwa muda. Sentensi ile nimekaa nayo hadi leo.

Jumamosi iliyofuata niliwasimulia mashindano ya Creedmoor, karibu na New York, ya tarehe 26 Septemba 1874. Waairishi walishindana na Wamarekani, watu sita kila upande. Umbali ulikuwa yadi 800, 900 na 1,000, na kila mtu alipiga risasi 15 kwa kila umbali. Waairishi walitumia bunduki za kujazwa kwa mdomo, kama gobori la babu ila za kisasa zaidi kwa wakati huo. Wamarekani walikuwa na zile za kufunguliwa nyuma. Mwairishi mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha. Lakini ilikuwa shabaha ya jirani, si yake. Akapewa sifuri.

Mwishoni akabaki Mmarekani mmoja, John Bodine, na risasi moja. Waairishi walikuwa na pointi 931, Wamarekani 930. Bodine alitaka kunywa soda ya tangawizi kwanza, chupa ikapasuka ikamkata mkono. Akafunga kitambaa, akalala chini, akapiga. Akapata katikati, pointi nne. Ikawa 934 kwa 931. Vijana walipiga makofi kana kwamba Bodine ni wa Fizi. Wengine walibishana sana juu ya Milner: alipiga vizuri kuliko wote, sasa kosa lake liko wapi? Binti mmoja akajibu, "Kulenga vizuri pahali si pako."

Halafu kuna Franklin Mann. Huyu alikuwa daktari huko Massachusetts, akatumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta kwa nini risasi mbili zinazofanana haziingii tundu moja. Alifunga mtutu juu ya kitako kizito kisichotikisika, ili asiseme ni mkono wa mtu. Akaweka karatasi nyingi njiani ili aone risasi inapitaje. Kisha akaanza kuziharibu kwa makusudi. Nyingine alizikata ncha, nyingine alizikata kitako. Matokeo aliyatoa katika kitabu chake mwaka 1909.

Niliwauliza vijana: ipi ilipotea zaidi? Wote walisema iliyokatwa ncha, maana ncha ndiyo inayotangulia. Sivyo. Ncha ikiharibika kidogo, risasi bado inakwenda karibu na pale pale. Kitako kikipinda ndipo inapotea. Sababu ni kwamba kitako ndicho cha mwisho kutoka mdomoni mwa mtutu. Kikiwa hakiko sawa, hewa ya moto inatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma. Ni kidogo sana, lakini kule mbali inakuwa hatua nzima.

Sikuongeza mahubiri hapo. Ila nawaandikia ninyi mnaofanya kazi na vijana, wenyeji wa kambi na wageni. Sisi tunauliza sana habari za ncha. Unataka kuwa nani? Unataka kwenda wapi, Amerika, Kanada, au kurudi nyumbani? Fomu zetu zimejaa maswali hayo. Kuhusu alivyotoka tunauliza mara moja, siku ya kuandikishwa, na anayeuliza ana foleni ya watu mia nyuma yake. Bahati hakuwahi kuulizwa vizuri alivyotoka. Alianza kusema mwenyewe, kidogo kidogo, siku ya Mann, wakati wengine wanaokota viti.

Habari zilifika kwa msimamizi wangu kwamba tunasoma kitabu cha bunduki. Alikuja na swali la haki. Mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi unakataza mkimbizi kufanya mambo ya kushambulia nchi nyingine, na kambi lazima ibaki mahali pa raia. Mtu akisikia kijana aliyetoka msituni anafundishwa risasi, atafikiri nini? Sikumlaumu. Kuna maneno yanapita usiku ya kuwaita vijana warudi kupigana. Sote tunajua.

Tuliita wazazi. Baba mmoja alitaka kitabu kichomwe hapohapo, alisema hakuna bunduki yenye mafunzo mema. Mzee mwingine, mwindaji wa zamani, alimjibu kwamba yeye alilea watoto saba kwa gobori na hakuua mtu. Walizozana kidogo. Mwisho mama mmoja alisimama, mtoto amelala mgongoni, akasema: "Wanangu, mtoto wangu alijua bunduki mbele ya kalamu. Mkificha kitabu, mnaficha karatasi. Alichokijua hamukukificha." Akakaa.

Tukakubaliana hivi. Kitabu kitafungiwa kabatini ofisini, na hakuna kijana atakayekisoma peke yake. Habari ya baruti imekwisha. Ila fikra ya usawa na uvumilivu tuendelee nayo kwa manati, Jumamosi tu, nyuma ya uwanja, mtu mzima akiwepo, na ndege wasiguswe.

Kwa hiyo tukawa wajazaji risasi wa udongo. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukaukanda, tukaviringisha gololi. Kipimo kilikuwa kifuniko cha chupa ya maji kilichotobolewa katikati: isiyopita inapunguzwa, inayopita kwa kulegea inarudishwa kwenye udongo. Tulikausha kivulini siku tatu, maana jua kali linapasua. Mizani tulitengeneza kwa kijiti, uzi na visoda viwili. Gololi moja tuliita mama, na kila nyingine ilipimwa na mama. Kati ya 60 tulikubali 41.

Shabaha ilikuwa boksi la mafuta ya mgao, hatua 12. Kila mmoja alipiga mawe kumi ya kuokota, halafu gololi kumi. Mawe yalitawanyika boksi zima, mengine hayakugusa. Gololi za Bahati, saba kati ya kumi ungeweza kuzifunika kwa sahani moja. Lakini zote ziko chini kushoto, hata moja haikufika kwenye duara la katikati. Akakasirika. Kijana mwingine alikuwa na jiwe moja lililopiga katikati kabisa, anashangilia.

Hapo ndipo kitabu kilipotusaidia zaidi. Mpiga shabaha akijaribu risasi zake haangalii tundu moja zuri. Anaangalia matundu yote yamekaaje. Yakiwa pamoja, hata kama ni pembeni, kazi iliyobaki ni ndogo: sogeza jicho la kulengea. Yakiwa yametawanyika, lile moja la katikati ni bahati tu, huwezi kulirudia. Nilimwambia Bahati asogeze mkono kidogo juu kulia na asibadilishe kingine chochote. Kitu kimoja kwa mara moja, na kila badiliko liandikwe kwenye daftari. Nne zikaingia kwenye duara.

Nawaza mara nyingi juu ya sahani ile nikiandika ripoti za mwezi. Ripoti inapenda jiwe la katikati: kijana mmoja aliyefaulu, picha yake, maneno yake mazuri. Haipendi saba zilizokaa pamoja pembeni. Kijana anayekuja kila Jumamosi, anayeandika daftari lake, ambaye bado hana cheti wala kazi, kwenye ripoti anaonekana amekosa. Mimi nasema huyo amekaribia kuliko wote. Anahitaji mtu wa kumsogeza mkono, na mtu huyo awepo tena Jumamosi ijayo, si mradi wa miezi mitatu unaofungwa na mwingine kuanza na maswali yaleyale.

Bahati amepigiwa simu mara mbili na watu wa kule. Aliniambia mwenyewe. Mara ya pili walimwahidi pesa. Sikuwa na pesa ya kushindana nao, na sitadanganya kwamba gololi za udongo zinatosha kumzuia mtu. Nilimuuliza tu angefanya nini kule. Akasema, "Watanipatia magazini," akanyamaza. Baadaye akaniomba daftari jipya kwa sababu lake limejaa. Nilimpa. Mpaka leo ninapoandika, yuko.

Yeye ndiye anayepima sasa, na ana ukali. Juzi alikataa gololi 20 za mdogo wake kwa sababu zilikaushwa juani. Mtoto alilia. Bahati akamchukulia udongo mwingine, akakaa chini naye, wakaanza upya.