Mume Wangu, Kiti cha Pembeni

Swali lenyewe huwa haliji kwangu. Linakwenda kwa mume wangu, na mara nyingi linaulizwa mbele yangu kana kwamba mimi sipo: "Kaka, hivi kweli unakubali kuendeshwa na shemeji?" Yeye hucheka tu. "Mimi siendeshwi bwana. Mimi ndiye ninayemwambia pa kwenda." Na hajakosea hata kidogo.

Kwa wale ambao mbio za magari mnaziona kwenye taarifa ya habari tu, gari lina watu wawili. Dereva anashika usukani, navigeta anashika daftari. Ndani ya daftari kuna kila kona ya njia, imepewa namba. Kwetu sisi sita ni kona unayopita bila kuguswa na hofu, moja ni ile ya kukunja gari karibu lirudi lilikotoka. Vumbi likitanda na macho yangu yakiwa hayaoni kitu, nakuwa nategemea sauti yake: "Mia, kushoto tano, inakaza kuwa tatu, usikate." Tunasoma kwa Kiswahili, na siku za mwanzo tulicheka sana na ile "kulia mbili". Mashosti wakaniuliza, huko mnakwenda kukimbia au kwenye msiba?

Wikiendi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Sisi ni wa mfukoni, hatuna mdhamini. Wenzetu wanashuka na matairi ishirini na mafundi wenye sare. Sisi tulishuka na Subaru Impreza ya mwaka 1998 iliyokwisha pita mikono mitatu, matairi sita, mafundi wawili wa mtaani kwetu, na mpwa wangu ambaye kazi yake rasmi ni chai. Huwa najipa moyo kwa Joginder Singh, yule fundi wa Kenya aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant. Volvo PV544 waliyoshindia ilikuwa mtumba.

Ijumaa ni ya ukaguzi na kuandika noti. Wakaguzi wanashika kila kitu: fremu ya vyuma inayozuia bodi kubonyea gari likipinduka, mikanda, helmeti, mtungi wa kuzimia moto, kisu cha kukatia mikanda. Baada ya hapo mnapita njia kwa gari la kawaida, taratibu. Mara ya kwanza mimi nataja, yeye anaandika. Mara ya pili yeye anasoma, mimi nasikiliza kama kile alichoandika ndicho ninachokiona.

Mkonge ni mtihani, jamani. Ukiutazama unadhani ni rahisi, maana barabara zimenyooka kama rula. Lakini mistari yote inafanana, njia panda zote zinafanana, na ukipitiliza kidogo unaingia kwenye majani yenye ncha kama sindano. Kuna njia panda moja tuliibishania robo saa nzima. Mimi nasema ni mbili, yeye anasema ni tatu. Nyumbani ubishi wa namna ile ungeishia kwa mmoja kulala ameangalia ukutani. Pale tulishuka, tukatembea kwa miguu, tukapima kwa hatua. Ikawa mbili yenye alama ya tahadhari.

Sasa niwaambie jambo ambalo nililibeba safari nzima, tangu Chalinze mpaka Muheza. Tulipompeleka binti yetu wa miaka minne kwa bibi yake, mama mkwe alitupokea vizuri, akatupa chai, na wakati tunaaga akauliza kwa upole kabisa, "Sasa wanangu, ninyi wote wawili mnakaa kwenye gari moja?"

Hakusema zaidi. Mume wangu akamjibu, "Tuombee tu mama." Tukaondoka.

Suala la hela tulishalimaliza zamani. Nyumba yetu ya Kigamboni imesimama kwenye lenta, na shosti wangu mmoja kila nikipasua tairi ananihesabia mabati niliyotupa. Tulikubaliana: mashindano mawili kwa mwaka, na ada ya mtoto haiguswi. Suala la mwanamke kuendesha nalo halinisumbui. Michèle Mouton wa Ufaransa alishinda raundi ya ubingwa wa dunia kule Sanremo mwaka 1981, akaongeza nyingine tatu mwaka 1982, na navigeta wake katika ushindi ule wote alikuwa mwanamke mwenzake, Fabrizia Pons. Hata la mke na mume kwenye gari moja si geni huku kwetu: Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano, alisomewa noti mara kadhaa na mkewe Yvonne. Lakini mama mkwe hakuuliza kuhusu mabingwa. Aliuliza kuhusu mjukuu wake.

Jumamosi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Magari yanaachiwa moja moja ili vumbi litue, lakini asubuhi ile upepo ulikuwa umelala, vumbi likaning'inia kama pazia. Dakika nzima nilikuwa naendesha kwa masikio. Mume wangu ana tabia moja, hapandishi sauti. Hata kona ikiwa mbaya namna gani anaitaja kama anasoma orodha ya sokoni. Ile njia panda yetu ilikuja, akasema "mbili, tahadhari", nikakanyaga breki wakati mbele sioni kitu, na pazia lilipofunguka tulikuwa katikati ya njia. Jioni tulikuwa wa tisa kati ya magari kumi na saba. Mafundi wakabadilisha bushi, tukala ubwabwa na samaki, nikalala kama gogo.

Jumapili, kipande cha pili. Tulipotoka kwenye kona ya nne kulia nikaona pembetatu nyekundu pembeni ya njia, na mbele yake mtu amesimama na kile kibao ambacho kila gari hubeba. Upande mmoja kina OK ya kijani, upande wa pili SOS nyekundu. Alikuwa ameshika upande mwekundu.

Sheria haina mjadala: gari la kwanza kuona nyekundu linasimama, linasaidia, na linalofuata nalo linasimama, kisha linapeleka habari kwenye kituo cha redio cha mbele. Tulisimama. Gari lilikuwa limelala ubavu ndani ya mkonge, injini imezimwa. Mwenye kibao alikuwa dereva. Navigeta wake alikuwa bado kwenye mkanda, anazungumza, lakini mkono hauinuki. Mume wangu aliingia kupitia kioo cha nyuma, akamshikilia kichwa kisitikisike, akawa anamuuliza habari za watoto wake, wangapi, wanasoma wapi, kwa sauti ile ile ya orodha ya sokoni. Mimi nilikimbia nyuma kusimamisha magari. Gari la wagonjwa lilipofika tukaambiwa ni mfupa wa bega, shingo ni nzima.

Kuanzia pale niliona kila kitu mara mbili. Kila alipofungua ukurasa, namwona yeye ubavuni mwa mkonge, kisha najiona mimi, kisha namwona bibi akimfundisha binti yetu kufunga viatu. Waamuzi walitupa muda wa haki kufidia tuliopoteza, na tulimaliza wa kumi. Gari zima, miili mizima.

Tulipofika Segera tukasimama kununua machungwa. Nikamwambia, "Mashindano yajayo nitatafuta msomaji mwingine. Wewe utabaki na mtoto."

Akamenya chungwa lote bila kusema kitu. "Unanifukuza kazi?"

"Nakupa likizo."

"Na kwa nini nisiendeshe mimi, ubaki wewe?"

Nikamwangalia. Tangu tufahamiane, huyu bwana kurudisha gari nyuma getini kwetu kunamchukua dakika tano. Tukacheka mpaka muuza machungwa naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

Lakini swali lake lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu zuri zaidi ya hilo. Mpaka naandika haya nimeshajaribu wasomaji wawili kwenye barabara ya vumbi nje ya mji. Wa kwanza anapiga kelele. Wa pili ni mzuri kweli, dada mmoja mhasibu, anasoma kwa wakati na hapotezi mstari. Tatizo ni noti. Zote zimeandikwa kwa mwandiko wa mume wangu, na jana usiku nimemkuta mezani, mtoto amelala mapajani, anazinakili upya kwa herufi kubwa ili mwenzake asije akakosea.