Mwache Zimwishie

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Mwanangu mpenzi,

Mwanao, mjukuu wangu aliyekuja likizo, anakula vizuri.

Umeniuliza juu ya ule mchezo wa simu uliowawekea watoto wajifunze akiba. Si mbaya. Nimemwona akigawa sarafu zake kwenye vibubu vitatu: cha matumizi, cha akiba na cha sadaka. Kwa hesabu amenipita. Lakini sarafu zilipomwishia, alibonyeza tangazo, akalitazama hadi mwisho, kibubu cha matumizi kikajaa tena. Hapo ndipo penye neno langu.

Nasi wakubwa tumezoea kujaziwa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, salio likiisha limekwisha. Mwaka 2019 ikaja Fuliza: ukipungukiwa hulipiwa, kisha hutozwa ada, na deni likilala ada huongezeka. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa yuko darasani, na huenda hajapata kumwona mamake akishindwa kulipa kwa kuwa hana. Atajuaje kwamba pesa huisha?

Basi mwache zimwishie. Idi ikifika, pesa za mkono wa Idi azipokee na azishike mwenyewe. Akienda uwanja wa Makadara akazimaliza zote siku ya kwanza kwa pembea na mabuyu, siku ya pili usimwongeze hata shilingi 10. Atalia. Mpe chakula, mfute machozi, usimsimange wala usimcheke, ila pesa usimpe. Na uwaonye mabibi na wajomba, maana sisi ndio wa kwanza kuchomoa noti kwa siri.

Idi itakayofuata, kabla hajatoka, muulize: za leo ngapi, za kesho ngapi? Hapo ndipo mchezo wa simu utakapomfaa, mradi kila anachokiandika humo kiwe kweli kimo mfukoni mwake. Akiona sarafu za bure au gurudumu la bahati, mwambie aviache. Kamari nyingine huanza hivyo hivyo, kwa mchezo.

Akitimiza miaka 10, iko M-Pesa Go ya watoto wa miaka 10 hadi 17, ambayo mzazi huiridhia na kufuatilia matumizi. Mfungulie ukitaka, lakini sharti lisibadilike: zikiisha, asubiri siku yake ya kupewa.

Nawe ujitazame. Mkiwa sokoni Marikiti, ukatamani kitu kilicho nje ya hesabu, sema mbele ya watoto bila haya, "Leo hatuna, tutanunua mwezi ujao." Kisha mwezi ujao mkinunue kweli, nao waone. Mtoto akikusikia ukisema huna, na akakuona umengoja ukapata, hatahitaji kukopa ili ajione mtu.

Mola awazidishie riziki ya halali na awape watoto kukinai.

Wasalaam,
Shangazi yako