Kura za Wimbo Husomwa Hadharani

Katika Mashindano ya Nyimbo ya Eurovision, yaonyeshwayo na televisheni za Ulaya kila mwezi wa Mei, sisi huipenda saa ya kuhesabu kura kuliko nyimbo zenyewe. Kwa saa za Afrika Mashariki, shughuli hiyo hufanyika baada ya usiku wa manane, na mwenye kukesha hadi hapo ama ana mapenzi ya kweli ama ana maradhi ya kukosa usingizi. Sisi tuna yote mawili.

Wapo wanaotuuliza mtumishi wa utamaduni ana haja gani na vifijo vya Wazungu. Haja yetu ni kwamba tumekaa miaka mingi kwenye meza za waamuzi wa ngoma, kwaya na mashairi, nasi twapenda kujua wenzetu huamuaje.

Wao walianza kwa siri. Mwaka 1956, mjini Lugano, Uswisi, nchi 7 zilileta nyimbo mbili mbili. Kila nchi ilikuwa na waamuzi wawili, nao waliruhusiwa kuupigia kura hata wimbo wa kwao. Luxembourg haikuleta waamuzi, hivyo Waswisi wakaipigia kura kwa niaba yake. Akatangazwa mshindi Lys Assia, wa Uswisi hiyo hiyo, na alama hazijatolewa hata leo. Hatusemi kwamba Bibi yule hakustahili. Twasema kwamba hakuna awezaye kuthibitisha kwamba alistahili, na dhuluma hiyo ilimpata yeye kabla ya kuwapata walioshindwa.

Mwaka 1957 ukawekwa ubao, kura zikasomwa nchi kwa nchi, na tangu hapo aibu zao zote zimekuwa za hadharani. Mwaka 1969, mjini Madrid, Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa zilifungana kwa alama 18. Kwa kuwa kanuni hazikusema lolote juu ya sare, zote nne zikapewa ushindi. Mwaka 1978 Jahn Teigen wa Norwei alipata sifuri, na wimbo wake ukapendwa mno kwao. Sifuri isomwayo waziwazi ina heshima yake.

Husemwa kwamba majirani hupendeleana. Ni kweli Ugiriki na Saiprasi zimepeana alama 12 mara nyingi, hata watazamaji huguna kabla mtangazaji hajamaliza kusema. Lakini hapo sisi twasita kulaumu. Watu wenye lugha moja na nyimbo za arusi moja, masikio yao yamelelewa pamoja. Wape watu wa Lamu na wa Unguja waamue tarabu: je, wakikubaliana tutawaita wezi?

Uamuzi tuutajao mara kwa mara ni ule wa mwaka 2016, kura za waamuzi na za watazamaji zilipoanza kutangazwa kila moja peke yake. Waamuzi waliitanguliza Australia kwa alama 320. Watazamaji wakaitanguliza Urusi kwa 361. Jamala wa Ukraine alikuwa wa pili kwa hawa na wa pili kwa wale, 211 na 323, na jumla ya 534 ikampa ushindi. Kiitikio chake kilikuwa cha Kitatari cha Krimu, na wimbo ulihusu watu wake waliohamishwa kwa nguvu mwaka 1944. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini kila mnung'unikaji aliweza kushika kalamu akajumlisha mwenyewe. Isitoshe, tangu 2014 hutolewa hata jinsi mwamuzi mmoja mmoja alivyozipanga nyimbo.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka mmoja tulikuwa waamuzi watano, katika mashindano ya ngoma ya mkoa tusioutaja. Karatasi zetu zilikusanywa, zikapelekwa chumba cha ndani, yakatoka majina matatu bila alama hata moja. Kikundi kilichosafiri siku mbili kwa lori kikatujia kuuliza: tumepungukiwa wapi, mavazi, mapigo au mwendo? Alama zetu tulizijua, ila ruhusa ya kuzisema hatukuwa nayo. Mzee wao akatwambia, "Wanangu, basi nikawaambie nini vijana?"

Tumekwisha kuwaandikia wakubwa kwamba kila mwamuzi asimame, asome alama zake kwa kinywa chake, kikundi kwa kikundi. Baadhi ya wenzetu wanaogopa kurushiwa mawe. Sisi tumeomba tuwe wa kwanza kusoma.